Nani Aliketi Wapi: Siku Tisa Katika Makanisa na Mabaraza ya Makoloni ya Marekani

Siku ya kwanza, Alhamisi: Jamestown

Mwanangu anayefanya kazi Richmond aliniahidi zamani kwamba nikistaafu ualimu atanigharamia safari ya kwenda kuyaona kwa macho mambo niliyoyafundisha kwa chaki miaka thelathini na miwili, na leo alfajiri ahadi hiyo ilianza kutimia. Tulifika Jamestown kabla ya saa nne asubuhi. Mto James ulikuwa umetulia, na juu ya majani mafupi ulisimama mnara wa matofali mekundu, ambao ni mabaki ya kanisa la karne ya 17. Nyuma ya mnara huo kuna kanisa dogo la kumbukumbu lililojengwa mwaka 1907 juu ya misingi ya makanisa yaliyotangulia. Ndani yake unaweza kuiona misingi ya mawe ya kanisa la mbao la mwaka 1617, na mawe yenyewe si makubwa kuliko yale tunayoegemezea vyungu jikoni.

Hapo ndipo walipoketi, tarehe 30 Julai 1619, wajumbe waliochaguliwa na walowezi wa Virginia, wawili wawili kutoka vitongoji 11, pamoja na Gavana George Yeardley na baraza lake. Hawakuwa na ukumbi mwingine. Mchungaji Richard Bucke aliomba dua katika sehemu ya kwaya, kisha kazi ya kutunga sheria ikaanza katika joto la kiangazi, na kabla ya siku sita kwisha mjumbe mmoja alikuwa amefariki. Sheria walizozipitisha zinaonyesha jinsi dini na serikali zilivyolala kitanda kimoja: uvivu, kamari na ulevi vilipigwa marufuku, na kila mtu alitakiwa kuhudhuria ibada ya Jumapili asubuhi na alasiri, huku wenye silaha wakiamriwa kuja nazo kanisani, bunduki, upanga, baruti na risasi. Nilimwambia mwanangu kwamba mimi niliyebatizwa Magila, kwa Waanglikana wa Muheza, nimekiona Kitabu cha Sala mikononi mwa watu wa kila aina, lakini sijawahi kukiona kimewekwa pamoja na baruti.

Wiki chache baada ya kikao hicho, mwishoni mwa Agosti 1619, meli ya Kiingereza iitwayo White Lion ilitia nanga Point Comfort, mdomoni mwa mto huu huu, ikiwa na Waafrika ambao mlowezi John Rolfe aliwahesabu kuwa ishirini na kidogo. Walikuwa wameporwa kutoka meli ya Kireno iliyowatoa Luanda, na walibadilishwa kwa chakula. Mmoja wa wale waliofika kwa meli ya pili, mwanamke anayeandikwa kwa jina la Angela au Angelo, anaonekana katika sensa ya mwaka 1625 akiishi hapa Jamestown, nyumbani kwa William Pierce. Tulikwenda mpaka kwenye uwanja ambako wanaakiolojia wamechimba mahali pa nyumba hiyo. Pana nyasi na kamba, basi. Mwanangu aliniuliza, "Baba, huyu mama kule kanisani alikaa wapi?" Sikuwa na jibu, ila nililiandika swali hilo katika daftari langu, na limenifuata safari nzima.

Siku ya pili, Ijumaa: Williamsburg

Mji mkuu wa Virginia ulihamia hapa mwaka 1699, na leo sehemu kubwa ya mji wa zamani ni makumbusho ya wazi ambamo watu huvaa mavazi ya karne ya 18 na kufua chuma mbele ya watalii. Mimi nilikwenda moja kwa moja katika kanisa la Bruton Parish, lililokamilika mwaka 1715, kwa sababu bado ni kanisa linalosaliwa na kwa sababu viti vyake vinasema bila kuulizwa. Mbele kipo kiti cha gavana chenye kitambaa juu yake, mfano wa kiti cha enzi. Chini yamepangwa makasha ya mbao yenye milango, ambamo familia zilijifungia kwa ibada, na roshani moja iliachiwa vijana wa chuo cha William and Mary, ambacho kilianzishwa mwaka 1693.

Katika koloni hili Kanisa la Anglikana lilikuwa kanisa la dola. Wazee 12 wa parokia, ambao kwa kawaida walijichagulia warithi wao wenyewe, walitoza kodi, wakatunza maskini na yatima, na wakamlipa mchungaji kwa tumbaku: ratili 16,000 kwa mwaka, kwa sheria ya 1696. Mbaptisti au Mpresbiteri alitoa tumbaku hiyo sawasawa na Mwanglikana, apende asipende. Ukitaka kujua kwa nini baadaye Virginia ilikuja kutenganisha kanisa na serikali, anza na mizani ya tumbaku kabla hujafika kwenye falsafa.

Sheria mbili nilizinakili kwa mkono. Ya kwanza, ya mwaka 1662, ilisema mtoto atafuata hali ya mama yake, akiwa mtumwa au huru. Kwa hiyo bwana aliyezaa na mjakazi wake alikuwa amejiongezea mali. Ya pili, ya mwaka 1667, ilitamka kwamba ubatizo haumtoi mtu utumwani. Hofu ya mabwana ilikuwa kwamba Mkristo hawezi kummiliki Mkristo mwenzake, na baraza likawaondolea hofu hiyo kwa mistari michache. Nilikumbuka kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa juu ya soko la watumwa baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Huku wahubiri na soko walikaa pamoja zaidi ya karne moja na hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Mchana tuliiona nyumba ya mbao ya shule ya Bray, ambako kati ya mwaka 1760 na 1774 mwalimu Ann Wager aliwafundisha watoto weusi, wengi wao watumwa, kusoma na kukariri katekisimu. Ilihamishwa mwaka 2023 kuletwa ndani ya eneo la makumbusho. Ni nyumba ndogo, na ngazi zake ni nyembamba. Waliowaleta watoto walitaka wafundishwe utii, lakini mtoto aliyekwisha kujua herufi husoma atakacho. Mwalimu yeyote anajua hilo.

Kisha jengo la baraza, Capitol. Mpiga kura alikuwa mwanamume mweupe mwenye ardhi, na sheria ya mwaka 1723 iliwanyima kura watu huru weusi na wenyeji wa asili. Kura ilipigwa kwa mdomo: mtu alisimama mbele ya karani na wagombea wenyewe, akataja jina, na aliyetajwa akainama kushukuru. George Washington alipogombea mwaka 1758 aliwanywesha wapiga kura zaidi ya galoni 140 za vileo. Nilicheka peke yangu, kwa maana sisi tuliiita takrima, na tulikuwa nayo kisheria mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006.

Siku ya tatu, Jumamosi

Safari ya treni kutoka Richmond kwenda Philadelphia. Mwanangu amebaki kazini. Nililala njia nzima isipokuwa tulipopita Maryland, koloni lililotolewa kwa Lord Baltimore, Mkatoliki, ambako sheria ya mwaka 1649 iliwapa uhuru wa ibada wote wanaoukiri Utatu Mtakatifu na ikaweka adhabu ya kifo kwa anayeukana. Uvumilivu wenye ukingo mfupi, lakini kwa wakati wake ulikuwa jambo.

Siku ya nne, Jumapili: Philadelphia

Saa nne na nusu asubuhi niliingia katika nyumba ya ibada ya Marafiki, yaani Wakweka, mtaa wa Arch. Nyumba yenyewe ni ya mwaka 1804, ila kiwanja ni cha tangu enzi za William Penn, mwanzilishi wa koloni hili la Pennsylvania, na utaratibu wa kukaa haujabadilika sana. Hakuna mimbari, hakuna madhabahu, hakuna kinanda. Mabenchi marefu yametazamana, na watu waliketi kimya. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Mzee mmoja alikohoa. Mama mmoja akasimama, akasema maneno machache juu ya dada yake mgonjwa, akakaa, na kimya kikarudi kikiwa kizito kuliko mwanzo. Nilizoea kuona ibada inaongozwa na mtu, nami nilikuwa natafuta kwa macho huyo mtu yuko wapi.

Baada ya saa moja watu walipeana mikono, na bwana aliyekaa karibu nami aliposikia natoka Tanzania aliniambia kwa furaha kwamba Marafiki wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote wako Kenya. Nilimjibu kwamba najua, maana misheni yao ilianza Kaimosi mwaka 1902, na jirani yangu wa zamani chuoni alikuwa Mluhya wa kanisa hilo, ila wao huimba kwa sauti mpaka bati linatikisika. Alicheka sana.

Penn alipewa hati ya kifalme mwaka 1681 na Charles II, aliyekuwa na deni kwa marehemu baba yake. Katika koloni lake hapakuwa na kanisa la dola wala zaka ya lazima, na Hati ya Haki ya mwaka 1701 ililipa bunge lenye chumba kimoja uwezo wa kupendekeza sheria lenyewe. Kengele maarufu ya mji huu iliagizwa mwaka 1751, miaka 50 baada ya hati hiyo, ikiandikwa maneno ya Mambo ya Walawi 25:10 juu ya kutangaza uhuru katika nchi yote. Hata misa ya Kikatoliki iliweza kusomwa hadharani katika kanisa la Mtakatifu Yosefu tangu mwaka 1733, jambo ambalo London yenyewe isingeliruhusu. Bado viongozi walitakiwa kuwa Wakristo.

Siku ya tano, Jumatatu: Germantown

Nilipanda basi mpaka Germantown kwa ajili ya kibao kimoja tu cha kumbukumbu kilichoko kando ya barabara. Mwaka 1688 wanaume wanne wa hapa, wakiongozwa na Francis Daniel Pastorius, waliandika hati ya kupinga utumwa, ya kwanza ya aina yake katika makoloni ya Kiingereza. Hoja yao ilikuwa nyepesi: tuwatendee watu kama tunavyotaka kutendewa, bila kujali rangi, na watu wa Uholanzi na Ujerumani watasema nini wakisikia kwamba Marafiki wa huku wanawashika wanadamu kama ng'ombe? Waliipeleka katika mkutano wa mwezi, ambao uliona jambo ni zito ukaipeleka mkutano wa robo mwaka, nao ukaipeleka mkutano wa mwaka, ambao uliiweka kando. Nani kati yetu aliyewahi kukaa katika kamati asiyeitambua njia hiyo? Marafiki wa Philadelphia walikuja kuwakataza waumini wao kumiliki watumwa mwaka 1776, miaka 88 baadaye. Karatasi yenyewe ilipotea, ikaonekana, ikapotea tena, mpaka mwaka 2005 ilipokutwa katika chumba cha kuhifadhia nyaraka cha nyumba ile ile ya mtaa wa Arch nilikokaa kimya jana.

Siku ya sita, Jumanne: New York

Mji wenyewe ulinichosha kwa kelele, na niliupa saa tano tu, zote katika makaburi ya Waafrika, karibu na ofisi za serikali. Mwaka 1991 wajenzi wa jengo la serikali walichimba msingi wakakuta mifupa, na hatimaye watu 419 walitolewa, wakachunguzwa, na mwaka 2003 wakazikwa upya katika majeneza ya mbao yaliyochongwa Ghana. Inakadiriwa kwamba zaidi ya 15,000 walilazwa hapa. Sababu ya kuwapo makaburi haya nje ya ukuta wa mji wa wakati ule ni kanisa: mwaka 1697 kanisa la Trinity lilikataza watu weusi kuzikwa katika uwanja wake. Serikali ya mji nayo iliingia mpaka msibani, ikakataza mwaka 1722 mazishi ya usiku na mwaka 1731 ikataka waombolezaji wasizidi 12. Waliogopa kwamba watu waliokusanyika kulia wanaweza kukusanyika kwa jambo lingine, kwa kuwa uasi wa watumwa wa mwaka 1712 ulikuwa bado kichwani mwao.

Kaburi lililonisimamisha ni lile lililopewa namba 340. Alikuwa mwanamke mtu mzima, meno yake yamechongwa kama ilivyo desturi ya baadhi ya watu wa Afrika, na kiunoni alikuwa na utunda wa shanga zaidi ya mia moja za kioo, zikichanganyika na simbi. Alivuka bahari, akatumikishwa, akafa, na aliyemwosha hakuzivua. Hakuna mwanamke wa pwani yetu anayehitaji kuelezwa shanga za kiunoni ni nini, wala kwa nini aliyemwosha maiti aliziacha.

Siku ya saba, Jumatano: Newport

Nililala Providence, mji aliouanzisha Roger Williams mwaka 1636 baada ya Massachusetts kumfukuza kwa kusema kwamba hakimu hana mamlaka juu ya dhamiri ya mtu na kwamba mfalme hawezi kugawa ardhi ya wenyeji asiyoinunua. Yeye aliipata ardhi yake kwa makubaliano na machifu wa Wanarragansett, Canonicus na Miantonomi, na mwaka 1643 alichapisha London kitabu cha kujifunza lugha yao. Nimempenda huyu mtu, ingawa nadhani asingekuwa jirani mwepesi.

Basi la Newport lilichukua zaidi ya saa moja. Sinagogi la Touro lilizinduliwa mwaka 1763, nalo ni la kale kuliko yote yaliyosimama Marekani. Kwa nje ni jengo la kawaida lililokaa mshazari na barabara ili lielekee Yerusalemu, na ndani jukwaa la kusomea Torati liko katikati, wanaume wakiwa chini na wanawake roshani. Wayahudi walianza kufika hapa mwaka 1658, na hati ya kifalme ya mwaka 1663 iliahidi kwamba hakuna atakayesumbuliwa kwa imani yake. Hata hivyo, mwaka 1762 mfanyabiashara Aaron Lopez alipoomba uraia, mamlaka za Rhode Island zilimkatalia kwa kuwa si Mkristo, akaenda kuupata Massachusetts, kwa Wapuritani, wale Waprotestanti wenye msimamo mkali! Lopez huyo huyo alikuwa na meli za watumwa. Kutoka Rhode Island ziliondoka safari zaidi ya 900 za kwenda kununua watu Afrika kati ya mwaka 1709 na 1807, nyingi zikibeba ramu. Uhuru wa dhamiri na pipa la ramu viliondoka gati moja.

Jioni nilitembea mpaka sehemu ya makaburi iitwayo God's Little Acre. Pompe Stevens, mtumwa aliyekuwa mchongaji wa mawe, alichonga jiwe la ndugu yake na kuandika juu yake kwamba limechongwa na Pompe Stevens kwa kumbukumbu ya ndugu yake Cuffe Gibbs, aliyefariki tarehe 27 Desemba 1768. Ndugu wawili wana majina mawili ya ukoo, kwa sababu majina hayo ni ya mabwana. Cuffe ni Kofi, mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa kwa Waakan, kama sisi tulivyo na Juma na Hamisi.

Siku ya nane, Alhamisi: Boston

Wapuritani waliofika hapa mwaka 1630 chini ya John Winthrop walikuja na hati yao ya kifalme mkononi, na kwa hiyo serikali yao ilikuwa hapa hapa, mbali na macho ya mfalme. Tangu mwaka 1631 haki ya kupiga kura katika koloni ilikuwa ya wanaume waliokwisha pokelewa kuwa washirika wa kanisa, na kupokelewa kulimtaka mtu aeleze mbele ya kusanyiko jinsi neema ilivyomfikia. Wachungaji wenyewe hawakushika vyeo vya serikali, lakini aliyepiga kura alikuwa amepita kwanza mlangoni mwao. Nyumba moja ilitumika kwa ibada na kwa mkutano wa mji, na kamati iligawa viti kwa umri, mali na heshima, kazi iliyoleta ugomvi wa miaka. Maskini na watu weusi walipandishwa roshani.

Katika Old South, jengo la mwaka 1729, niliketi ndani ya kasha moja la mbao. Ukifunga mlango wake humwoni jirani, unamwona mhubiri tu. Phillis Wheatley, aliyeletwa kutoka Afrika Magharibi mwaka 1761 akiwa na miaka saba au minane, alikuwa muumini wa kanisa hili, na mashairi yake yalichapishwa London mwaka 1773. Hapa jibu la swali la mwanangu lilikaribia: niliinua macho kwenye roshani ya juu kabisa, nikahesabu ngazi.

Mbele ya jengo la serikali ya jimbo imewekwa sanamu ya shaba ya Mary Dyer, ameketi kwenye benchi, mikono mapajani, kama wale niliowaona Jumapili. Mwaka 1638 Anne Hutchinson alipotengwa na kanisa kwa mafundisho yake, Mary Dyer aliinuka kitini pake mbele ya watu wote akatoka naye. Baadaye akawa Mkweka, akafukuzwa, akarudi, akasamehewa akiwa tayari kwenye kitanzi mwaka 1659, akarudi tena, na tarehe 1 Juni 1660 akanyongwa. Wakweka wanne waliuawa hivyo kabla mfalme hajaamuru hukumu hizo zikome mwaka 1661.

Siku ya tisa, Ijumaa: Salem

Watalii wengi waliovaa kofia za wachawi. Nilikwepa maduka nikaenda gatini kwanza, kwa sababu kutoka hapa, karne ya 19, zilitoka meli zilizoleta Unguja kitambaa ambacho bibi yangu alikiita merikani mpaka anakufa, zikarudi na pembe na sandarusi. Mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja alikuwa mtu wa mji huu.

Ukumbusho wa waliouawa mwaka 1692 ni uwanja mdogo wenye ukuta wa mawe, na kutoka ukutani yamechomoza mabenchi 20 ya mawe, kila moja na jina, tarehe na namna ya kufa. Zaidi ya watu 150 walishtakiwa kwa uchawi, 19 walinyongwa, na Giles Corey, mzee wa miaka zaidi ya 70, alikandamizwa kwa mawe mpaka kufa kwa kukataa kujibu mashtaka. Mahakama maalumu iliyoundwa na gavana ilikubali ushahidi wa mtu kusema kwamba mzuka wa mshtakiwa ulimtesa. Nimetoka mkoa ambako vikongwe wameitwa wachawi kwa macho mekundu, kwa hiyo sikuona hapa ajabu ya Wazungu wa kale.

Rebecca Nurse alikuwa na miaka 71, mshirika wa kanisa la Salem, mwenye kiti chake. Wazee wa baraza la mahakama walisema hana hatia, jaji akawataka wafikiri tena, wakarudi na neno lingine. Tarehe 3 Julai aliletwa kanisani akiwa na minyororo, akasomewa kutengwa mbele ya majirani zake, na tarehe 19 akanyongwa. Mwaka 1712 kanisa lile lile lilifuta kutengwa kwake.

Benchi lake lilikuwa na maua ya manjano yaliyoanza kusinyaa na kokoto tatu. Mama mmoja aliyechoka kutembea na mtoto aliniuliza kama inaruhusiwa kukaa juu ya mabenchi hayo. Nilimwambia mimi ni mgeni. Alitazama huku na huku, akachagua ukingo wa ukuta usio na jina, akakaa hapo na mtoto mapajani, nami nikakaa upande wa pili mpaka mvua ilipoanza na ikanibidi niwahi treni ya Boston.